Urithi Hauishii kwenye Njegere

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejitayarisha kwa mtihani wa Baiolojia anajua mengi juu ya njegere. Anajua kwamba mtawa Gregor Mendel alizipanda katika bustani ya watawa mjini Brno, na kwamba alichapisha matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1866. Anajua kwamba mimea mirefu ikichanganywa na mimea mifupi, kizazi cha kwanza huwa kirefu chote, na kizazi cha pili hutoa mimea mitatu mirefu kwa kila mmoja mfupi. Huchora mraba wake kwa rula, huandika herufi kubwa na ndogo mahali pake, na hupata alama zake. Sina ugomvi na njegere. Bila ya njegere zile elimu ya urithi ingechelewa sana.

Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo, arudipo nyumbani wakati wa likizo, kwa nini mtoto wa jirani ametokwa na vinundu mwili mzima hali ndugu zake hawana hata kimoja. Huenda akakupa jibu lile lile atoalo bibi yake ambaye hakuingia darasani: mtoto amerogwa, au mama yake alimcheka mlemavu alipokuwa na mimba. Somo la urithi limepita kichwani mwake bila kugusa jambo lolote analoliona kwa macho yake kijijini.

Maoni yangu, ambayo nakusudia kuyatetea katika makala haya, ni kwamba tunapaswa kufundisha urithi kwa mifano ya miili yetu wenyewe, tukianza na ile inayoonekana juu ya ngozi. Nasema hivyo kwa sababu katika jamii zetu kutojua urithi huleta lawama, na lawama hiyo mara nyingi humwangukia mama na mtoto.

Mwenzetu wa dawati la nyuma

Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa na mwenzetu ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia iliyokoza kifuani na mgongoni, nasi tuliyaona kila tulipokwenda kuoga mtoni. Alipoanza kubalehe vikamtoka vinundu laini, kwanza viwili vitatu shingoni, kisha vingi mgongoni. Vinundu vyenyewe havikumwuma. Tulikataa kunywea kikombe chake, nami nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Mwalimu wetu, mtu mwema katika mengine yote, alimhamishia dawati la nyuma akae peke yake, kwa nia ya kutukinga sisi tusiambukizwe. Kisimani wanawake walimsema mama yake. Kabla ya mwaka kwisha mwenzetu aliacha shule, wala hakuna aliyekwenda kumtafuta.

Miaka mingi baadaye, nikiwa ng'ambo kwa masomo ya udaktari wa falsafa, profesa mmoja alituonyesha ukutani picha ya mgongo wa mgonjwa. Niliutambua mgongo ule kabla sijasikia jina la ugonjwa. Wenzangu waliandika maelezo. Mimi nilibaki na kalamu mkononi. Nilikuwa nimesoma urithi kidato cha nne, nikausoma tena kidato cha sita, na mara zote mbili nilifaulu vizuri. Hata hivyo, haikunipitikia hata siku moja kwamba mraba niliokuwa nikiuchora ulikuwa na uhusiano na mwenzetu yule.

Si kila uvimbe ni hatari

Kabla ya kuutaja ugonjwa huo yafaa tuelewane juu ya uvimbe wenyewe. Sehemu laini za mwili, yaani mafuta, misuli, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na nyuzi zinazoviunganisha, zimejengwa kwa seli. Kwa kawaida seli hugawanyika kwa kiasi kinachohitajika, kisha hutulia. Zikiendelea kugawanyika pasipo haja, hujikusanya na kufanya uvimbe.

Uvimbe ni wa namna mbili kuu. Wa kwanza ni ule usio wa saratani: hukua polepole, hubaki mahali pake, wala hauvamii viungo jirani au kusafiri kwenda sehemu nyingine za mwili. Wa pili ni wa saratani, nao huvamia na kusambaa. Katika sehemu laini za mwili, uvimbe usio wa saratani ndio mwingi zaidi kwa mbali. Mfano ulioenea kuliko yote ni uvimbe wa mafuta, ambao huteleza chini ya kidole ukibonyezwa, na ambao watu wengi huishi nao hadi uzeeni bila madhara.

Hata hivyo, ziko alama ambazo mtu hapaswi kuzipuuza. Uvimbe unaokua haraka, au unaozidi sentimita 5, au ulio ndani sana ya mwili badala ya kuwa chini ya ngozi, au unaouma pasipo sababu, sharti uonwe na daktari. Alama hizi nne zaweza kukaririwa na mwanafunzi yeyote kwa dakika moja, nazo zaweza kuokoa maisha ya mtu nyumbani kwao.

Mara nyingi uvimbe mmoja hautokani na urithi. Lakini vinundu vingi vinapomtoka mtu mmoja, au watu kadhaa wa ukoo mmoja, ni lazima tuulize habari za jeni.

Ugonjwa wenye alama ya kuhesabika

Mwaka 1882 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Daniel von Recklinghausen, alieleza kwamba vinundu vya wagonjwa wa namna ya mwenzetu hutoka katika mishipa ya fahamu. Ugonjwa huo huitwa nyurofibromatosi aina ya kwanza. Humpata mtoto mmoja katika kila watoto 3,000 hivi wanaozaliwa, katika mataifa yote na rangi zote za watu, wavulana kwa wasichana. Mwalimu wa hesabu aweza kulifanya hilo kuwa zoezi: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, tukigawanya kwa 3,000 tunapata zaidi ya watu 20,000. Huo ni ukadiriaji tu, lakini unatosha kutuonyesha kwamba katika kila shule tatu zenye wanafunzi 1,000 kila moja, tutarajie kumkuta mwanafunzi mmoja.

Alama ya kwanza ni mabaka bapa ya kahawia, ambayo huonekana tangu utotoni. Watu wengi wana baka moja au mawili, na hilo si ugonjwa. Yanayotiliwa shaka ni mabaka sita au zaidi, ambayo kila moja lina upana unaozidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe, au milimita 15 kwa aliyekwisha kubalehe. Alama nyingine ni madoa madogo madogo kwapani na kinenani, mahali ambapo jua halifiki. Vinundu vyenyewe kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe na huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Ugonjwa huu hauishii kwenye ngozi. Wako watoto ambao mifupa ya miguu au uti wa mgongo hupinda. Wako wanaoota uvimbe katika mshipa wa fahamu wa jicho, na kuona kwao hupungua. Wako wanaopata shinikizo la damu wangali wadogo. Tena, jambo ambalo mwalimu ahitaji kulijua kuliko watu wote, nusu yao au zaidi hupata shida katika kujifunza: kusoma, kuhesabu, au kutuliza mawazo juu ya kazi moja, ingawa wengi wao wana akili za kawaida kabisa. Mtoto wa namna hiyo akiitwa mvivu au mjinga huwa ameonewa mara mbili.

Vinundu vya ngozi havigeuki kuwa saratani, lakini uvimbe mkubwa ulio ndani unaofuata mishipa ya fahamu waweza kugeuka. Takriban mgonjwa mmoja katika kumi hupata saratani ya namna hiyo maishani mwake. Ndiyo maana uvimbe wa ndani ulioanza kuuma daima, au kukua ghafla, au kuwa mgumu, haupaswi kungoja.

Breki mbili

Mwaka 1990 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalitangaza kwamba yameipata jeni inayohusika. Imo katika kromosomu ya 17, nayo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo nyurofibromini, yenye asidi za amino zaidi ya 2,800. Kazi moja kubwa ya protini hiyo ni kuzuia protini nyingine, iitwayo Ras, isiendelee kuiamrisha seli igawanyike. Kwa lugha nyepesi, nyurofibromini ni breki.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tufikirie basi linaloteremka Kitonga likiwa na breki mbili. Moja ikiharibika, dereva aweza bado kulizuia kwa ile ya pili. Zote mbili zikiharibika, basi halizuiliki. Mtu mwenye nyurofibromatosi huzaliwa akiwa na breki moja mbovu katika kila seli ya mwili wake. Mabilioni ya seli zake huenda vyema kwa breki iliyobaki. Lakini hapa na pale, kwa bahati mbaya, breki ya pili nayo huharibika katika seli moja ya zile zinazouzunguka mshipa wa fahamu. Seli hiyo huanza kugawanyika, na kinundu huota. Ndiyo sababu vinundu hutokea vimetawanyika mwilini wala havina mpangilio.

Wazo hili la mapigo mawili lilitolewa mwaka 1971 na Alfred Knudson, aliyekuwa akichunguza saratani ya jicho ya watoto. Ni wazo ambalo mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kulifahamu, kwa kuwa halihitaji zaidi ya kujua kwamba jeni huja mbili mbili.

Ilivyo, mzazi mwenye ugonjwa huu ana nakala moja nzima na moja mbovu. Katika kila mimba humpa mtoto mojawapo, kama mtu anayerusha sarafu. Uwezekano wa mtoto kupata ile mbovu ni nusu. Sarafu haina kumbukumbu: hata kama watoto wawili wa kwanza wamepata ugonjwa, uwezekano wa wa tatu ni nusu ile ile. Hapa ndipo penye tofauti na selimundu, ambayo wanafunzi wetu wengi wanaifahamu. Katika selimundu wazazi wote wawili waweza kuwa wazima kabisa huku kila mmoja akibeba nakala moja iliyobadilika, na uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Mifano hii miwili, ikiwekwa ubaoni sambamba, hufundisha jeni tawala na jeni fifi kwa namna ambayo mwanafunzi hataisahau.

Nani wa kulaumiwa?

Sasa tufike kwenye lawama. Karibu nusu ya watu wenye nyurofibromatosi ni watoto wa wazazi ambao hawana ugonjwa huo. Jeni yao imebadilika kwa mara ya kwanza katika mbegu ya baba au yai la mama. Jeni hii ni kubwa sana, na kitabu kikubwa kinaponakiliwa makosa hayakosi. Kila mwili wa binadamu hunakili jeni zake mara nyingi mno, na makosa machache ni jambo lisiloepukika.

Uchunguzi umeonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo mapya hutokea katika mbegu ya baba. Sisemi hivi ili lawama ihamishwe kutoka kwa mke kwenda kwa mume. Baba hakutenda kosa lolote. Hakuna alichokula, alichosema wala alichoacha kutenda kilicholeta badiliko hilo. Nalisema kwa sababu mwanamke anayesemwa kisimani, au anayerudishwa kwao kwa ajili ya mtoto wake, anastahili kujua kwamba elimu ya sayansi haimpi hatia hata chembe.

Wala tusidhani kwamba kumlaumu mama ni desturi yetu peke yetu. Joseph Merrick alizaliwa mjini Leicester, Uingereza, mwaka 1862. Uvimbe mkubwa wa ngozi na mifupa uliugeuza mwili wake hata akawa anaonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1886 alipokewa katika hospitali mjini London, na huko akafariki mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 27. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hali yake ilitokana na mama yake kutishwa na tembo alipokuwa na mimba. Kwa miaka mingi madaktari walidhani alikuwa na nyurofibromatosi. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Tibbles na Cohen, walieleza kwamba dalili zake zaafikiana zaidi na ugonjwa mwingine ulio adimu sana, uitwao Proteus. Na mwaka 2011 ikajulikana kwamba ugonjwa wa Proteus husababishwa na badiliko la jeni linalotokea katika seli moja baada ya mimba kutungwa. Haurithiwi kwa mama wala kwa baba. Ilichukua zaidi ya miaka 100, lakini elimu ilimwondolea mama yule lawama. Sisi hatuna sababu ya kungoja muda kama huo, kwa kuwa elimu tayari tunayo.

Kinundu kama onyo

Upo upande mwingine wa jambo hili. Wakati mwingine uvimbe usio na madhara juu ya ngozi hutuonya juu ya hatari iliyo ndani. Eldon Gardner alikuwa mwalimu wa elimu ya urithi katika jimbo la Utah, Marekani. Siku moja, darasa lilipokuwa likijadili kama saratani yaweza kurithiwa, mwanafunzi wake mmoja alimweleza habari za ukoo anaoufahamu ambao watu wake wengi walikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Gardner aliufuatilia ukoo huo, na kuanzia mwaka 1951 akachapisha habari zake. Watu wengi wa ukoo huo walikuwa na vivimbe visivyo vya saratani katika ngozi na mifupa, hasa ya kichwa na taya. Na wale wale ndio waliokuwa na vinyama vingi ndani ya utumbo mpana.

Leo twajua kwamba jeni inayohusika, iliyotambuliwa mwaka 1991, imo katika kromosomu ya 5. Vinyama hivyo vya utumbo huwa mamia, pengine maelfu, na visiposhughulikiwa karibu kila mwenye navyo hupata saratani, mara nyingi kabla ya uzee. Vikigunduliwa mapema, utumbo wenye hatari huondolewa na mtu huendelea kuishi. Ukoo mzima waweza kuokolewa na mtu mmoja anayejua kuuliza. Katika habari hii aliyeuleta ukoo ule mbele ya sayansi alikuwa mwanafunzi, darasani, akihusisha somo na watu aliowajua. Hilo ndilo nililoshindwa kulifanya nilipokuwa na umri wake.

Hoja za wanaopinga

Nimewahi kuyatoa maoni haya mbele ya walimu, nami nilipata upinzani wa haki. Nitazijibu hoja tatu.

Ya kwanza ni kwamba hakuna faida ya kuutaja ugonjwa usio na tiba. Ni kweli kwamba jeni mbovu hairekebishwi. Lakini vinundu vinavyosumbua huweza kuondolewa na daktari wa upasuaji, ingawa vingine vyaweza kuota. Macho ya mtoto yaweza kupimwa mapema, uti wa mgongo ukatazamwa, na shinikizo la damu likapimwa kila mwaka. Mwanamke mwenye ugonjwa huu ahitaji kuchunguzwa saratani ya matiti mapema kuliko wengine. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo selumetinibu kwa watoto wenye uvimbe mkubwa wa mishipa ya fahamu usioweza kukatwa. Dawa hiyo huzuia amri ile ile ya kugawanyika ambayo breki imeshindwa kuizuia. Ni dawa ya ghali mno, lakini imeonyesha kwamba njia ipo. Tena jina la ugonjwa humkinga mtoto na wembe wa mtaani: uvimbe mkubwa wa aina hii una mishipa mingi ya damu, na kuukata ovyo kwaweza kumwua.

Hoja ya pili ni kwamba somo la namna hii litamwanika mwanafunzi mwenye vinundu mbele ya wenzake. Hofu hii ni ya kweli, na mwalimu asiyeitambua ni heri aendelee na njegere zake. Mwalimu afundishe ugonjwa, asimfundishe mwanafunzi. Asimnyooshee mtu kidole, asimvue mtoto shati, wala asitamke jina la ugonjwa juu ya mtoto yeyote, kwa kuwa kuutambua ugonjwa ni kazi ya daktari. Akiona mabaka mengi, azungumze na mzazi faraghani na kwa heshima, na amshauri ampeleke mtoto hospitali. Lakini tusijidanganye kwamba kunyamaza kunamhifadhi mtoto huyo. Wenzake wanaviona vinundu vyake kila siku, na pasipo maelezo ya mwalimu watajitungia ya kwao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mwalimu mmoja aliniambia: ukiwaambia watu kwamba ugonjwa huu umo katika ukoo, nani atakayeoa katika ukoo huo? Uchawi huisha kwa mganga, akasema, lakini jeni haiishi. Niliyatafakari maneno hayo kwa siku nyingi. Jibu langu ni kwamba elimu nusu ndiyo yenye hatari hiyo, na dawa yake ni elimu kamili. Katika nyurofibromatosi jeni mbovu haijifichi: karibu kila aliye nayo huonyesha alama zake tangu utotoni. Kwa hiyo ndugu aliyefikia utu uzima, akachunguzwa na kuonekana hana alama yoyote, tunaweza kusema kwamba hana jeni hiyo, na asichokuwa nacho hawezi kukirithisha. Dada na kaka za mwenzetu yule walikuwa huru kabisa kuoa na kuolewa. Uvumi ndio uliowafunga. Na yule mwenye ugonjwa mwenyewe ana haki ya kujua kwamba kila mtoto wake ana nafasi nusu ya kuzaliwa bila jeni hiyo, kisha aamue mwenyewe na mwenzi wake. Wala hakuna ukoo usio na jeni zilizobadilika. Kila mmoja wetu anabeba kadhaa asizozijua.

Kazi ya mwalimu, kazi ya lugha

Nawashauri walimu wa Baiolojia jambo moja ambalo halihitaji maabara wala fedha. Baada ya kumaliza njegere, mwalimu achukue vipindi viwili tu. Katika cha kwanza aeleze nyurofibromatosi na selimundu, na wanafunzi wachore mraba wa kila ugonjwa. Katika cha pili awape wanafunzi zoezi hili: eleza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, bila kutumia neno ambalo bibi yako halijui, kwa nini mtoto mmoja katika familia ana vinundu na wengine hawana, na kwa nini havimwambukizi mtu.

Zoezi hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Wanafunzi wetu wa sekondari husomeshwa urithi kwa Kiingereza, na wengi huacha elimu hiyo ndani ya Kiingereza, kama mtu anayeacha viatu vizuri mlangoni mwa shule na kurudi nyumbani pekupeku. Nimejaribu zoezi hili kwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Wale walioandika vizuri kuhusu kromosomu kwenye karatasi ya mtihani walikwama katika sentensi ya pili. Nami sikuwacheka, kwa sababu mara ya kwanza nilipojaribu mwenyewe nilikwama pia.

Baraza la Mitihani litaendelea kupima kama mwanafunzi ameielewa sura ya urithi. Lakini upo mtihani mwingine usio na msimamizi. Hufanyika siku mama wa jirani anaposemwa mbele ya mwanafunzi huyo, au mtoto mwenye vinundu anapoingia darasani akitafuta mahali pa kukaa. Mimi niliufanya mtihani huo nikiwa na umri wa miaka 12, nikaufeli. Ningependa wanafunzi wa leo wapewe kile ambacho mimi sikupewa, ili atakapokuja mwenzao wa namna ile wasogee kidogo katika dawati la mbele, naye akae.